Kwa nini timu za NFL huuza zamu zao za juu kwenye drafti

Usiku wa 26 Aprili 2018, huko Arlington, Texas, zamu ya 16 katika drafti, zoezi la kila mwaka la klabu kuchagua wachezaji wapya wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, ilikuwa mikononi mwa Baltimore Ravens. Zamu ilipofika hawakutaja jina la mchezaji. Waliiuza kwa Buffalo Bills, wakarudi nyuma hadi ya 22. Ya 22 nayo ilipowadia wakaiuza tena, mara hii kwa Tennessee Titans, wakashuka hadi ya 25. Shabiki wa Baltimore aliyekaa mbele ya televisheni tangu jioni alikuwa na haki ya kuuliza viongozi wake wanakimbia nini. Lakini usiku huo haukwisha kabla Ravens hawajampata Lamar Jackson, kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi ya timu) aliyekuja kutangazwa mchezaji bora wa ligi nzima msimu wa 2019, kisha tena msimu wa 2023. Kesho yake wakamchukua Mark Andrews, aliyekuja kuwa mpokeaji anayetegemewa kuliko wote katika timu hiyo. Njia ya kuwafikia wote wawili ilipitia kule kushuka.

Biashara ya namna hii huonekana kila mwaka, na kila mwaka huwakera mashabiki. Mtu ana nafasi nzuri kwenye foleni, kwa nini aiachie? Mimi naamini hii ni mojawapo ya mbinu za busara kabisa katika michezo ya kulipwa, na kwamba sababu yake haiko kwenye ujanja wa kupatana bei. Iko kwenye jambo ambalo viongozi wa klabu ni wagumu kulikiri hadharani: hakuna anayejua kwa hakika kijana gani atafaulu.

Kwa msomaji aliyezoea usajili wa Simba, Yanga au Gor Mahia, utaratibu wenyewe unahitaji maelezo kidogo. Kijana anayetoka chuo kikuu Marekani hachagui klabu, wala klabu hazishindani kwa fedha kumsajili. Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Aprili, klabu zote 32 hupangwa kwenye foleni, kila moja ikachagua mchezaji mmoja, kisha foleni huanza upya, raundi saba kwa siku tatu. Iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita hutangulia, na bingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi, hufunga raundi. Wazo hilo lilitoka kwa Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, aliyechoka kuona klabu chache zenye nguvu zikisomba vijana wote wazuri. Drafti ya kwanza ilifanyika Philadelphia mwaka 1936. Ukishachaguliwa, ni klabu hiyo peke yake yenye haki ya kukusajili. Asiyechaguliwa na yeyote huwa huru kujadiliana na klabu yoyote. Wako pia walioingia kwa mlango mwingine kabisa, kama Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli chuoni.

Zamu hizo ni mali ya klabu. Inaweza kuzibadilisha kwa zamu nyingine za mwaka huohuo, kwa zamu za miaka ijayo, au kwa wachezaji walio tayari ligini. Kushuka ni pale klabu inapoachia zamu ya juu na kupokea ya chini yake pamoja na nyongeza. Anayepanda anapata mtu anayemtamani. Anayeshuka anapata idadi.

Bei ilivyopatikana

Nyongeza inayostahili ni kiasi gani? Jibu lililotawala ligi nzima lilitoka Dallas. Oktoba 1989 Dallas Cowboys walimuuza mkimbiaji wao nyota, Herschel Walker, kwa Minnesota Vikings, wakapokea wachezaji kadhaa na rundo la zamu za drafti. Kocha Jimmy Johnson akajikuta na mali nyingi ambayo hakuwa na mizani ya kuipimia. Mwaka 1991 Mike McCoy, mmoja wa wamiliki wenza na mshirika wa Jerry Jones, mmiliki mkuu wa Cowboys, katika biashara ya mafuta na gesi, alizipitia biashara za zamu zilizofanyika miaka ya nyuma na kuandaa jedwali lililoipa kila zamu pointi zake. Ya kwanza ilipewa pointi 3,000. Ya pili 2,600. Ya 10 ikapewa 1,300, ya 16 ikapewa 1,000, na ya 32, inayofunga raundi ya kwanza, 590. Huko chini kabisa, raundi ya saba, zamu ina pointi moja au mbili.

Kwa jedwali hilo watu wawili waliweza kumaliza mazungumzo kwa simu moja. Unataka kupanda kutoka ya 22 hadi ya 16? Tofauti ni pointi 220, basi tafuta zamu nyingine ya kuijaza. Makocha na viongozi wa Dallas walipohamia klabu nyingine waliondoka nalo, na haukupita muda mrefu likawa lugha ya ligi nzima. Siku hizi klabu nyingi zina majedwali yao, yaliyokokotolewa kwa njia za kisasa zaidi, lakini la Dallas bado hutajwa kila Aprili.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba McCoy alikusanya kile ambacho watu walikuwa wamelipa. Hakupima kile ambacho wachezaji walikuja kutoa uwanjani. Jedwali lilirekodi bei ya soko, na soko likaendelea kulitumia kana kwamba ni thamani halisi. Pengo kati ya viwili hivyo ndilo linalomlisha anayeshuka.

Turudi Baltimore, kwa sababu mlolongo wao wa 2018 unaonyesha karibu kila kitu. Meneja mkuu alikuwa Ozzie Newsome, aliyekuwa akiongoza drafti ya klabu hiyo tangu ya kwanza kabisa mwaka 1996, pale alipowachukua Jonathan Ogden na Ray Lewis katika raundi ya kwanza. Wote wawili leo wamo katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Hii ya 2018 ilikuwa drafti yake ya mwisho kama meneja mkuu.

Kwa Bills alitoa zamu ya 16 na ya 154, akapokea ya 22 na ya 65. Kwa pointi za jedwali, 1,030 hivi kwa 1,045. Kwa Titans akatoa ya 22 na ya 215, akapokea ya 25 na ya 125. Kwenye ya 25 akamchagua Hayden Hurst. Kisha, raundi ya kwanza ikikaribia kufungwa na Lamar Jackson bado hajaitwa na yeyote, Newsome akageuka na kupanda. Aliwapa Eagles zamu ya 52, ile ya 125 aliyotoka kuipata kwa Titans saa chache tu kabla, na zamu ya raundi ya pili ya 2019. Akapokea ya 32 na ya 132. Ya 32 ndiyo iliyomleta Jackson.

Kesho yake shughuli ikaendelea. Ile ya 65 kutoka kwa Bills aliiuza kwa Raiders, akapata ya 75 na ya 152. Ya 75 akaiuza kwa Kansas City Chiefs, akapata ya 86 na ya 122. Ya 86 akamchagua Mark Andrews. Ya 152 nayo ikauzwa kwa Titans kwa ya 162 na ya 215, ile ile ya 215 waliyokuwa wamewapa Titans usiku wa kwanza, na kwayo wakamchagua Bradley Bozeman, aliyekuja kuwa tegemeo kwenye mstari wa mbele. Mwisho wa siku tatu Ravens walikuwa wamechagua wachezaji 12.

Angalia sasa majina mawili katika orodha hiyo: Hurst na Andrews. Wote walicheza nafasi moja, taitendi, yaani yule mpokeaji mwenye umbo kubwa anayesimama kwenye ukingo wa mstari wa mbele, mara akizuia na mara akipokea pasi. Hurst alichaguliwa wa 25, Andrews wa 86. Waliowachagua ni watu walewale, wakiwa na ripoti zilezile za maskauti (watafuta vipaji), katika wiki ileile. Na wakawapanga kinyume. Andrews ndiye aliyekuwa nyota, na Hurst akauzwa Atlanta mwaka 2020. Nasema hivi bila nia yoyote ya kuwadharau Ravens, maana wanahesabiwa miongoni mwa klabu zinazochagua vizuri kuliko zote. Kama hao wanakosea mpangilio wa wachezaji wawili wa nafasi moja, basi kila mtu hukosea. Kilichowaokoa ni kuwa na zamu za kutosha kiasi cha kuweza kumchukua mtu wa pili.

Wachumi walipoingia

Mwaka 2005 wasomi wawili wa Marekani, Cade Massey na Richard Thaler, walitoa utafiti kuhusu soko la drafti, na ukachapishwa rasmi katika jarida la kitaaluma mwaka 2013. Thaler ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2017. Waliuliza swali rahisi. Chukua mchezaji aliyechaguliwa, kisha chukua aliyemfuata katika nafasi yake ya uchezaji. Ni mara ngapi yule wa kwanza alikuja kuwa bora kuliko wa pili? Jibu lilikuwa takriban asilimia 52. Klabu zinatumia mamilioni ya dola kwa maskauti, vipimo vya mbio, mahojiano na video, halafu zinapolazimika kuamua kati ya huyu na anayefuata, zinapata sahihi mara 52 kwa 100.

Haimaanishi kwamba drafti ni bahati nasibu tupu. Kwa wastani wa raundi ya kwanza kweli huwazidi wa raundi ya nne, tena kwa mbali. Tatizo ni ukali wa mteremko wa bei. Jedwali linasema zamu ya kwanza ni sawa na zamu ya 32 mara tano. Ubora wa wachezaji hauteremki kwa kasi hiyo hata kidogo. Massey na Thaler walipotoa mshahara katika hesabu, yaani walipouliza klabu inabaki na faida gani baada ya kumlipa mchezaji, waliona faida kubwa zaidi ilikuwa inatoka raundi ya pili. Waliokuwa juu kabisa walikuwa wanalipwa sana na kukosea juu yao kulikuwa ghali mno. Hitimisho lao lilikuwa kwamba klabu zinajiamini kupita kiasi, na kwamba anayeshuka ananunua kwa bei ya chini kitu ambacho wenzake wanakidharau.

Mabadiliko ya mwaka 2011 yaliitikisa hesabu hiyo. Mwaka 2010 Sam Bradford, wa kwanza katika drafti, alitia saini mkataba wa dola milioni 78, milioni 50 kati ya hizo zikiwa zimehakikishwa, kabla hajarusha pasi moja ligini. Mwaka uliofuata makubaliano mapya kati ya ligi na chama cha wachezaji yaliweka viwango vya mishahara kwa wanaoingia, na Cam Newton, wa kwanza mwaka huo, akasaini miaka minne kwa dola milioni 22. Zamu za juu zikawa nafuu ghafla. Kwa nafasi nyingi uwanjani hali hii ilipunguza tu ule ubora wa kushuka. Kwa nafasi moja iligeuza kila kitu, nayo ni kwotabeki.

Fikiria kikomo cha mishahara. Msimu wa 2024 kila klabu iliruhusiwa kutumia dola milioni 255.4 kwa wachezaji wake wote. Mwaka huo Dak Prescott wa Dallas alisaini mkataba wenye wastani wa milioni 60 kwa mwaka. Caleb Williams, aliyechaguliwa wa kwanza katika drafti ya mwaka huohuo, alisaini takriban milioni 39 kwa miaka minne yote. Klabu yenye kwotabeki kijana anayeweza kazi inabaki na makumi ya mamilioni ya kuwalipa wengine. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza, tena, klabu inaweza kumwongezea mwaka wa tano kwa uamuzi wake yenyewe, na hapo ndipo penye sababu moja ya Ravens kulipia zamu ya 32 badala ya kusubiri raundi ya pili ianze kesho yake.

Kwa hiyo yule anayeshuka anapaswa kujiuliza jambo moja kabla ya mengine yote: kwenye nafasi hiyo ninayoiuza, kuna kwotabeki ambaye mimi mwenyewe ninamhitaji? Aprili 2017 Buffalo Bills walikuwa na zamu ya 10 na hawakuwa na kwotabeki wa kudumu. Waliiuza kwa Kansas City Chiefs kwa zamu ya 27, ya 91, na zamu ya raundi ya kwanza ya 2018. Kwa jedwali ilikuwa biashara halali kabisa. Ya 27 iliwapa Tre'Davious White, beki wa pembeni wa kiwango cha juu. Chiefs walimchukua Patrick Mahomes. Mahomes akashinda Super Bowl za misimu ya 2019, 2022 na 2023, na akawatoa Bills wenyewe katika mechi za mchujo za misimu ya 2020, 2021, 2023 na 2024. Bills walimpata Josh Allen mwaka 2018, naye ni mchezaji wa ajabu, lakini ilibidi wapande kumfuata.

Colts na makundi yao

Sasa mfano wa upande wa pili, wa klabu iliyokuwa na kwotabeki. Machi 2018 Indianapolis Colts walikuwa na zamu ya 3 na walikuwa na Andrew Luck. New York Jets, waliokuwa na zamu ya 6, walikuwa wanatafuta kwotabeki kwa udi na uvumba. Jets wakatoa ya 6, ya 37, ya 49, na zamu ya raundi ya pili ya 2019, ili wapande hatua tatu tu.

Meneja mkuu wa Colts, Chris Ballard, hakushuka kwa kubahatisha. Klabu hazipangi wachezaji wa kwanza hadi wa mia moja kama ngazi, ingawa mashabiki huonyeshwa orodha za namna hiyo. Huwaweka katika makundi. Kundi la juu lina wachezaji, tuseme, sita ambao maskauti wanaona hawapitani kwa chochote cha maana, kisha linafuata kundi jingine. Ukifika sokoni ukakuta mafungu sita ya nyanya yanayolingana, huna haja ya kulipia haki ya kuwa wa kwanza kuokota. Unachohitaji ni kujua watu wangapi wako mbele yako. Na mbele ya Colts mwaka huo wengi walikuwa wanasubiri makwotabeki, waliokuwa wengi kuliko kawaida. Kila kwotabeki anayeitwa mapema humsogeza chini mchezaji mwingine mzuri ambaye Colts walikuwa wanamtaka.

Ndivyo ilivyokuwa. Baker Mayfield akaitwa wa kwanza, Sam Darnold akaenda Jets kwa ile ya 3, na zamu ya 6 ilipofika Quenton Nelson alikuwa bado yupo, mlinzi wa mstari wa mbele ambaye msimu wake wa kwanza tu alitajwa katika kikosi bora cha ligi. Ya 37 ikamleta Braden Smith, aliyesimama naye kwenye mstari uleule kwa miaka. Darnold aliuzwa na Jets mwaka 2021 (nami nafurahi kwamba baadaye alifufuka, maana msimu wa 2024 aliiongoza Minnesota Vikings kushinda mechi 14). Kilichowasaliti Colts ni kitu ambacho hakuna jedwali linaloweza kukihesabu: Agosti 2019 Andrew Luck, akiwa na miaka 29 na mwili uliochoshwa na majeraha, alistaafu.

Zamu za mwaka kesho

Kuna bidhaa moja katika soko hili ambayo huuzwa kwa bei ya chini isiyo na maelezo ya kuridhisha. Ni zamu za miaka ijayo. Desturi ya muda mrefu inasema kila mwaka wa kusubiri hushusha thamani kwa raundi moja, hivyo zamu ya raundi ya kwanza ya mwakani huhesabiwa kama ya raundi ya pili ya leo. Hakuna benki duniani inayotoza riba kama hiyo. Chanzo chake ni cha kibinadamu. Kocha na meneja mkuu wanajua kwamba wakishindwa mwaka huu huenda mwakani wasiwe kazini, na zamu ya mwakani itatumiwa na mtu mwingine. Mwenye mkataba salama na mmiliki mvumilivu anaweza kununua muda kutoka kwa mwenye hofu.

Chicago Bears walinunua muda Machi 2023. Walikuwa na zamu ya kwanza kabisa. Carolina Panthers walitoa ya 9, ya 61, zamu ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, pamoja na mpokeaji DJ Moore, kisha wakamchagua kwotabeki Bryce Young. Msimu huo Panthers walishinda mechi mbili na kupoteza 15, wakawa wa mwisho ligini, na ile zamu ya 2024 waliyoitoa ikageuka kuwa ya kwanza kabisa. Bears wakamchukua Caleb Williams. Ya raundi ya pili ya 2025 ilikuja kuwa ya 39, wakamchagua Luther Burden. Anayenunua zamu ya kesho ya klabu nyingine ananunua pia sehemu ya kushindwa kwake, na klabu inayolipa sana kupanda mara nyingi ni klabu yenye mapengo mengi yatakayobaki wazi kwa sababu zamu za kuyaziba zimeondoka.

Kwa nini basi wanunuzi hawakosekani? Kwa sababu anayepanda huwa tayari ameshampenda mtu. Skauti amemfuatilia kijana miaka mitatu, amekula chakula na wazazi wake, ameandika ripoti iliyosomwa na kila mtu ofisini. Anapomwona bado hajaitwa na dakika zinakwenda, hofu ya kumkosa huwa kubwa kuliko hesabu. Na ni kweli kwamba wakati mwingine yuko sahihi, kama Chiefs walivyokuwa. Hiyo ndiyo sababu klabu zinazoshuka kwa mafanikio hazishuki siku zote. Ravens walishuka mara mbili usiku ule ili wawe na cha kulipia walipoamua kupanda. Seattle Seahawks walianza maandalizi ya drafti ya 2019 wakiwa na zamu nne tu, wakashuka na kushuka tena hadi wakachagua wachezaji 11, lakini mwishoni mwa raundi ya pili walisita kushuka na badala yake wakapanda hadi ya 64 kumchukua DK Metcalf.

Bill Belichick wa New England Patriots alijulikana kwa mbinu hii kuliko karibu kocha yeyote. Mwaka 2013 aliachia zamu ya 29, raundi nzima ya kwanza ikampita, akapokea kutoka kwa Vikings ya 52, ya 83, ya 102 na ya 229. Vikings walimchukua Cordarrelle Patterson, aliyekuja kuwa mmoja wa warudishaji mipira hatari zaidi katika historia, kwa hiyo hawakutoka mikono mitupu. Belichick akampata Jamie Collins kwa ya 52 na Logan Ryan kwa ya 83, wote wakawemo katika kikosi kilichotwaa Super Bowl Februari 2015. Josh Boyce, aliyechaguliwa kwa ya 102, hakufika mbali. Ile ya 229, ambayo watu wengi wangeitupa, ilitumwa Tampa Bay pamoja na Jeff Demps kumleta mkimbiaji LeGarrette Blount.

Lakini idadi peke yake haichezi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosifu kila biashara ya kushuka siku inapotangazwa. Machi 2012 timu ya Washington ilitoa zamu ya 6, ya 39, na zamu za raundi ya kwanza za 2013 na 2014 ili ipande hadi ya 2 na kumchagua Robert Griffin III. Waliouza ni Rams, wakati huo wakiwa bado St. Louis. Rams wakaendelea kushuka: kutoka ya 6 hadi ya 14 wakiongezewa ya 45 na Dallas, kisha ya 45 nayo wakaishusha. Griffin aling'ara mwaka wa kwanza, akaumia goti, na Washington ikaporomoka hadi ile zamu ya 2014 ikawa ya pili katika drafti nzima. Desemba 2014 timu hizo zilipokutana, Rams waliwatuma wachezaji sita waliopatikana kwa biashara ile wakasimame katikati ya uwanja kama manahodha wakati wa kurusha sarafu. Wakashinda 24 kwa 0.

Na bado Rams hawakuwahi kuvuka nusu ya ushindi msimu wowote kuanzia 2012 hadi 2016. Greg Robinson, waliyemchagua kwa ile zamu ya pili ya 2014, alishindwa kabisa na akauzwa Detroit kwa zamu ya raundi ya sita. Walikuwa na walinzi wazuri na hawakuwa na wa kurusha mpira. Mwaka 2016 wao wenyewe wakawa wanunuzi: waliwapa Titans zamu ya 15, mbili za raundi ya pili, moja ya raundi ya tatu, na za raundi ya kwanza na ya tatu za 2017, wapande hadi ya kwanza kumchukua Jared Goff. Karibu miaka mitatu baadaye Goff aliwafikisha Super Bowl. Titans, waliokuwa tayari na kwotabeki kijana, Marcus Mariota, walishuka, na kwa mojawapo ya zamu walizolipwa, ya 45, wakamchagua Derrick Henry, ambaye msimu wa 2020 alikimbia na mpira yadi 2,027.